Bibi kaagiza msosi wote wa sikukuu dukani halafu kasema kapika yeye. Hii sikukuu inahesabika?

#1 MamaTatu_Boksi
Wakuu salama? Nipo Baltimore huku, nabeba boksi la kulea wazee mwaka wa sita sasa. Bibi ninayemlea ni Myahudi, ana miaka 86, akili inachemka kuliko yangu, miguu tu ndo imegoma. Juzi Jumatatu jioni umeingia mwaka mpya wao, wanaita Rosh Hashanah. Miaka yote tunapika wote, yaani yeye kakaa kwenye kiti anaamrisha mimi nakatakata. Mwaka huu kaniambia pumzika, nimeshaoda.

Saa nane mchana gari likaja likashusha maboksi matano. Supu ya kuku kwenye ndoo za plastiki, yale madonge ya matza (mkate wao mkavu usio na chachu) kwenye ndoo yake peke yake yasije yakalowa, kidari cha ng'ombe kishakatwa slaisi kimelala kwenye trei ya foili na mchuzi wake, karoti za asali, tambi za kuoka, ile samaki yao ya kusagwa inayoliwa baridi ambayo mpaka leo sijaizoea, tofaa na asali, na mkate wa kusuka wa duara. Sasa sikilizeni. Bibi akasema toa sahani za marehemu mama yangu kabatini, zile zenye mstari wa dhahabu. Tukahamisha kila kitu. Mchuzi tukaumimina kwenye sufuria ukawekwa jikoni moto mdogo "ili nyumba inukie". Trei zote nikazikunja nikapeleka kwenye pipa la taka la jirani. La jirani wakuu, sio la kwetu. Mkamwana kafika, kaonja kidari, kasema mama mwaka huu umejipita. Bibi akajibu niliongeza kitunguu kidogo. Mimi nimesimama na jagi la maji naangalia dari.

Kituko cha pili mjukuu. Kijana wa miaka 24, siku hizi kashika dini, alifika jua halijazama na kulala akalala hapo hapo maana haendeshi gari sikukuu. Hakugusa hata kijiko cha bibi yake. Kaja na boksi lake, plastiki juu ya plastiki, kalifungua mwenyewe kala humo humo, baridi. Na duka alilooda bibi ni la Wayahudi, lina maandishi ya Kiebrania mlangoni kabisa!

Sasa naulizeni, sikukuu ya kununua inahesabika kwao? Na kwa nini mtoto akatae chakula cha Wayahudi wenzake?

#2 Kijiwe_Kigumu
Nimeweka kiti. La pipa la jirani limenimaliza 😂

#3 Mzee_wa_Mkekani
Mjukuu yuko sawa kwa sheria zake. Duka la Wayahudi na duka la kosha ni vitu viwili. Kosha maana yake kuna msimamizi wa dini anashika funguo, anajua mnyama kachinjwa na nani, nyama imetiwa chumvi ikatoka damu, vyombo vya nyama havijakutana na vya maziwa, na Sabato pamefungwa. Mengine yanaitwa "mtindo wa kosha", chakula ni kile kile cha bibi zao ila hakuna aliyekagua. Chukueni Katz's ya New York, ipo tangu 1888, watu foleni mpaka barabarani, lakini ukitaka jibini juu ya nyama unawekewa vizuri tu. Halafu kuna 2nd Ave Deli, ile ina cheti lakini Jumamosi inafungua, kwa hiyo wapo washika dini ambao nako hawaingii. Ni ngazi ngazi. Kila mtu ana mgahawa ambao hawezi kukanyaga.

#4 mpemba_wa_muscat
Kwetu kukosha ni kuosha vyombo. Kumbe na kosha yao nusu yake ni habari ya vyombo vile vile, hawajaenda mbali 😄

#5 BodaBrooklyn
Aisee MamaTatu umenikumbusha. Mi nasambaza chakula kwa baiskeli ya umeme huku Brooklyn. Kuna mgahawa wa kosha nachukua oda, kila mfuko wa nyama unabandikwa stika mbili, moja kwenye boksi la ndani nyingine juu ya mfuko, na zote zina maandishi yao. Mwaka mzima nikajua wananishuku nadokoa. Siku moja stika ya juu ilichanika kwa mvua, kufika mlangoni mzee akaikagua ya ndani kwanza, ilikuwa nzima, akapokea, akanipa na tipu. Lakini nilikuwa nshaumia roho. Rangi yangu hii na stika mbili, mtu unafikiria nini?

#6 Mzee_wa_Mkekani
@BodaBrooklyn pole ila hapo hukushukiwa wizi. Nyama ikipita mikononi mwa mtu asiyefungwa na sheria hiyo bila uangalizi, wanaogopa isije ikabadilishwa, ndo maana inafungwa sili mbili. Hata angekuwa anapeleka mkwe wa rabi lakini si Myahudi, sili mbili. Zile sahani za kosha kwenye ndege ni hivyo hivyo, zimefungwa mara mbili, anafungua abiria mwenyewe.

#7 BodaBrooklyn
Sawa mzee, nimesamehe. Nusu.

#8 Mlokole_Kimara
Bwana Yesu asifiwe. Mnazunguka mbuyu. Kutoka 12:46 imeandikwa Pasaka italiwa ndani ya nyumba moja, na nyama isitolewe nje. Tekiawei imekatazwa tangu Misri. Bibi amekosea.

#9 Dokta_Chumvi
Mlokole, kwanza bibi alikuwa anakula mwaka mpya, sio Pasaka. Pili aya hiyo inamhusu mwanakondoo wa Pasaka, na tangu Hekalu libomolewe mwaka 70 Wayahudi hawamchinji tena huyo mwanakondoo. Siku hizi kwenye sahani ya Seda, ile karamu ya usiku wa Pasaka, unawekwa mfupa tu kama alama, na Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya hata nyama ya kuchoma usiku ule hawali, isije ikaonekana wanajifanya wametoa dhabihu. Tatu rudi nyuma kidogo usome 12:16 hiyo hiyo Kutoka, siku takatifu kazi haifanywi isipokuwa kuandaa cha kula. Maana yake kupika sikukuu ruksa, mradi sio Sabato na moto uwe umewashwa kabla. Kisichoruhusiwa ni kushika hela. Kwa hiyo bibi kuoda mapema na kupokea saa nane jua halijazama yuko ndani ya mstari, hata kama sababu yake sio hiyo.

#10 Mlokole_Kimara
Amina, nimerekebishwa kwa upole.

#11 Shangazi_Toronto
Nyie wote mnaongea dini wakati jibu lipo mikononi. Bibi ana miaka 86. Umewahi kukata kidari kibichi cha kilo tatu na yabisi ya vidole? Mi nililea mama mmoja huku Toronto, alikuwa anapika siku tatu kabla, siku ya sikukuu yenyewe anasinzia mezani na kijiko mkononi. Mwaka aliokubali kuoda ndo mara ya kwanza nilimsikia anaimba mpaka wimbo wa mwisho. Sasa sikukuu ipi ilihesabika hapo?

#12 Kuku_Mgeni
Na mi ninavyojua Wayahudi sikukuu wanaenda kwa Mchina. Nimeona kwenye filamu nyingi tu.

#13 Mzee_wa_Mkekani
Hiyo ni Krismasi bwana mdogo. Wakristo wamefunga maduka, Mchina kafungua, Myahudi hana pa kwenda, wanakutana. Hata Elena Kagan alipohojiwa na maseneta mwaka 2010 kabla ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliulizwa siku ya Krismasi alikuwa wapi, akasema kama Wayahudi wote labda alikuwa kwenye mgahawa wa Kichina. Ukumbi ulicheka. Na kuna wanaosema ni kwa sababu Mchina hatii maziwa kwenye nyama, kwa hiyo jicho halioni kosa. Nguruwe akisagwa vizuri ndani ya andazi la mvuke naye jicho halimwoni, ila hayo tuyaache.

#14 DadaHyattsville
Nami niweke langu. Nilifanya kazi kwa familia ya washika dini kweli kweli, huku huku Maryland. Siku ya kwanza nikaingia jikoni nikataka kuwasha jiko nipashe supu, mama wa nyumba alikuja mbio utadhani nimeshika waya wa umeme. Kumbe kwao chakula akipika asiye Myahudi peke yake hakiliwi, lazima Myahudi awe na mkono kwenye ule moto. Basi ikawa utaratibu, yeye anakuja na kanga yake ya kuogea anawasha jiko, tik, anarudi kulala, mi napika mpaka mwisho. Kwa hiyo hapo chakula kapika nani? Mi nimesimama masaa manne, yeye kawasha tik. Na wageni wakija sifa zote kwake. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Ila MamaTatu mpenzi, kabla hujamshangaa bibi wa watu, hebu tukumbushane Idi ya mwaka juzi. Si wewe uliniuzia sufuria zima la pilau na sambusa themanini, nikawaambia wakwe nimekesha napika? Sasa leo umeshika jagi unaangalia dari?

#15 Kijiwe_Kigumu
MMOJA KWA MOJA GOLINI

#16 MamaTatu_Boksi
Jamani DadaHyattsville si ungenifuata pembeni 🙈 Hilo ni tofauti. Mi nilipika kwa mkono, Kiswahili kimo ndani ya pilau.

#17 DadaHyattsville
Na kidari cha bibi kilipikwa kwa mguu?

#18 Kamba_wa_Arava
Habari wanajukwaa. Niliwahi kukaa Israel mwaka mmoja kwenye mafunzo ya kilimo, kule Arava. Pasaka ndo utashangaa. Sheria yao ya mwaka 1986 inakataza kuweka mkate wa chachu hadharani kwa kuuza. Unaingia supamaketi unakuta rafu nzima za mikate, tambi, biskuti, zimefunikwa nailoni nyeupe kama maiti. Mahoteli yanabadilisha jiko zima. Migahawa mingine wanafunga kabisa wanaona bora likizo kuliko kusugua. Sisi kambini tulikuwa tumeficha unga wa ngano nyuma ya jembe, usiku tunapika chapati kama tunatengeneza gongo.

Na kuna hii. Nafaka yenye chachu haitakiwi hata kumilikiwa, sasa serikali nzima ina maghala ya ngano ya akiba, itaitupa? Haitupi. Inamuuzia mtu asiye Myahudi kwa mkataba, Pasaka ikiisha inarudi. Na kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa Mwarabu Mwislamu wa Abu Ghosh, meneja wa hoteli. Wiki moja kwa mwaka jamaa ndo anamiliki mikate ya nchi.

#19 Kuku_Mgeni
Huyo jamaa ningekuwa mimi siku ya pili nabadilisha kufuli 😂😂

#20 Shangazi_Toronto
Pasaka ndo kipimo hasa cha kuoda. Siku saba Israel, siku nane huku nje. Ngano, shayiri na ndugu zao hakuna, isipokuwa ile matza ambayo toka maji yaguse unga mpaka itoke kwenye oveni haitakiwi kuzidi dakika 18. Na wenye asili ya Ulaya wanaongeza desturi yao, hakuna mchele, hakuna maharage, hakuna mahindi. Yaani wali maharage siku nane hakuna, ugali hakuna. Wale wenye asili ya Iraq na Yemeni na kwingineko wao mchele wanakula kama kawaida, majirani wawili mlango kwa mlango mmoja ananukisha pilau mwingine anatafuna matza kavu. Mwaka 2015 marabi wa mrengo wa kati unaoitwa Conservative huko Marekani wakasema basi jamani, anayetaka kula mchele ale, lakini yule mama wangu alisema bibi yangu hakula na mimi sili. Sasa na vyombo vyote inabidi viwe vingine, sahani, sufuria, vijiko. Nani ana kabati mbili? Ndo maana wengine wanaona nafuu kuoda kwa mtu mwenye jiko lililoandaliwa au kwenda hotelini siku zote nane.

#21 Dokta_Chumvi
Nyongeza kwa #20. Hata Coca-Cola Pasaka inatoka na kizibo cha njano Marekani, maana ya kawaida huku ina sukari ya mahindi, ile ya njano ni sukari ya miwa. Wasio Wayahudi nao wanaikimbilia wanasema tamu zaidi. Na aliyeipitisha Coca-Cola kuwa kosha ni rabi wa Atlanta, Tobias Geffen, mwaka 1935, baada ya kampuni kumwonyesha fomula wakakubali kubadilisha vitu viwili ndani yake.

#22 Mwanafunzi_wa_Zamani
Turudi nyumbani kidogo. Nairobi kuna sinagogi pale University Way na jumuiya yao imeanza 1904. Na msisahau Abraham Block, alifika Kenya 1903 hana kitu, 1927 akanunua Norfolk Hotel. Kwa hiyo habari ya Myahudi na hoteli Afrika Mashariki sio ngeni, ila yeye alikuwa upande wa kuuza. Na ndo mwaka huo huo wa 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nchi Uganda.

#23 Mzee_wa_Mkekani
Uganda jina tu. Eneo lenyewe ni Uasin Gishu, kule Eldoret, lilikuwa limeshahamishiwa upande wa Kenya tangu 1902. Mkutano wa Wazayuni ukakataa 1905.

#24 Kijiwe_Kigumu
Kwa hiyo nusura Eldoret wawe wanakunywa maziwa yao ya mursik mbali na nyama, vyombo viwili viwili. Wakalenjin wangegoma.

#25 Mbale_Junior
Mimi niko Mbale. Huku kwetu tuko na Abayudaya, Waganda walioingia dini ya Kiyahudi tangu wakati wa Semei Kakungulu 1919, hata Amin aliwapiga marufuku wakabaki. Nina rafiki huko Nabugoye. Nilimwuliza hii kitu ya uzi huu, akacheka sana. Akasema kuagiza kutoka kwa nani? Mjini kuku ni wengi, lakini kuku wa kuchinjwa kwa sheria yao ni yule wamechinja wenyewe. Kwa hiyo sikukuu wanapika pamoja kule kilimani, wanawake kwa masufuria makubwa, kila mtu analeta ndizi au muhogo. Akaniambia wale wageni wa Marekani wakija wanashangaa hakuna kitu ya kununua, wanabaki na biskuti zao za mfukoni. Mimi nafikiri basi hiyo ya kuoda ni mambo ya pesa, si ya dini.

#26 mpemba_wa_muscat
@Mbale_Junior pesa ni sehemu lakini sio yote. Huku Oman Idi kuna shuwa. Mbuzi anapakwa viungo anafungwa majani anafukiwa kwenye shimo la moto siku nzima au mbili, na shimo ni la mtaa, kila nyumba inaleta furushi lake lina alama, ukichanganya alama mnagombana mpaka Idi ijayo. Siku hizi vijana wa ghorofani hawana shimo, wanaagiza kwenye migahawa. Mjomba wangu kala shuwa ya kuagiza akasema nyama nzuri, ila sijui nimlaumu nani ikiwa na chumvi nyingi. Hapo ndo nikaelewa, ladha ni ile ile, hakuna wa kugombana nae.

Swali langu lingine, hiyo kosha Mwislamu anakula? Maana kwenye Kurani, sura ya Maida aya ya 5, chakula cha Watu wa Kitabu ni halali kwetu.

#27 Dokta_Chumvi
Wengi huku wanakula, hasa palipo mbali na bucha la halali. Ila kidari uulize kwanza, wengine wanakipika na divai nyekundu, na divai ya kosha ni divai tu.

#28 mpemba_wa_muscat
Shukran. Basi kidari nimekiacha, nitabaki na samaki.

#29 Kuku_Mgeni
Samaki si hawali wale?

#30 Shangazi_Toronto
Wanakula mwanangu, mwenye magamba na mapezi. Kambare hana magamba, nje. Pweza, kamba, kaa, nje. Na samaki hahesabiwi nyama, kwa hiyo anakaa na maziwa bila ugomvi, ndo maana salmoni na jibini laini kwenye mkate mmoja.

#31 mpemba_wa_muscat
Pweza nje?? Basi Forodhani kwao kiza.

#32 Fundi_Majokofu
Nimesoma uzi wote nikiwa juu ya paa la supamaketi natengeneza kompresa. Mnasahau ukubwa wa jiko. New York nimeingia vyumba vingi, oveni upana wa begi la shule, sinki moja. Wageni kumi na nne, kuku, kidari, tambi, karoti, kwenye oveni hiyo? Mama mmoja niliyemtengenezea friji siku moja kabla ya Pasaka alikuwa ameweka sweta ndani ya oveni, nikamuuliza, akasema hilo ni kabati, chakula kinatoka kona ya mtaa tangu niolewe. Hakuwa na aibu hata chembe. Kwa hiyo MamaTatu bibi yako anaficha kwa sababu ana jiko kubwa. Angekuwa na dogo asingeficha.

#33 Mzee_wa_Mkekani
Fundi hoja yako nzuri ila haielezi Seda ya Kathmandu. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 80, na kuna Pasaka wanakusanyika hata zaidi ya elfu moja, vijana wa Israel waliomaliza jeshi wanazurura milimani, usiku huo wanakula chakula cha Chabad, jumuiya ya washika dini yenye vituo dunia nzima, kilichopikwa kwenye masufuria ya kuogea mtoto. Hawa hawana jiko kabisa, hawana bibi, na wengi wao nyumbani hawashiki dini. Wanakwenda kwa nini? Njaa? Mgahawa Kathmandu umejaa. Mi nasema ile meza inataka wengi. Kijana mdogo kuliko wote lazima aulize maswali manne, sasa ukiwa peke yako na boksi la tekiawei unajiuliza mwenyewe?

#34 Dokta_Chumvi
Kwa kweli ukiwa peke yako sheria inasema ndio, unajiuliza mwenyewe.

#35 Mzee_wa_Mkekani
Dokta wewe ni mtu wa kuharibu hotuba.

#36 Kijiwe_Kigumu
Mwenye uzi yuko wapi? Tangu apigwe goli #14 hajaonekana vizuri.

#37 MamaTatu_Boksi
Nipo jamani, nilikuwa na shifti mbili. Nina mrejesho. Jana Alhamisi ilikuwa ile siku yao ya kufunga, Siku ya Upatanisho, siku kumi baada ya mwaka mpya, hawali hawanywi masaa 25 hivi. Bibi daktari kamkataza kufunga, kanywa dawa na maji na kipande cha mkate, siku nzima kanuna kama mtoto aliyenyimwa kwenda ngomani. Jioni watu wakaja kufuturu kwake. Na tena kaoda. Bageli (ile mikate ya duara yenye tundu katikati) dazeni mbili, jibini laini, salmoni wa moshi kakatwa mwembamba unaona mpaka mwanga upande wa pili, samaki mweupe wa moshi na kichwa chake, vitunguu, nyanya.

Nikaanza kutoa zile sahani za dhahabu nihamishe kama juzi. Bibi akanizuia. Akasema acha kwenye trei. Stika ya duka ipo, jina la duka lipo, kila mtu anaona. Nikamuuliza mbona leo hatufichi? Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini maji ni majimaji. "Bageli nani anaoka nyumbani? Na samaki wa moshi nimfukizie wapi, bafuni?"

#38 mpemba_wa_muscat
BIBI KASEMA. Ndo halua hiyo. Umeona wapi mtu anapika halua nyumbani Idi? Unanunua kwa fundi wa halua, unasema kabisa ni ya fulani, na sifa unapata. Lakini ukinunua biriani unaficha sufuria la watu.

#39 Fundi_Majokofu
Kwa hiyo kuna vya kununua na vya kupika, tatizo kidari kipo upande wa kupika. Bado nasema ni jiko.

#40 Shangazi_Toronto
Ni vidole.

#41 Mbale_Junior
Ni pesa.

#42 MamaTatu_Boksi
Subirini sijamaliza. Wakati nakosha vyombo (mpemba umeniambukiza) mkamwana kaja jikoni kushika taulo anikaushie. Akachungulia nyuma, bibi yuko sebuleni. Akaniambia polepole, mwakani mkioda pale mwaka mpya waambieni wapunguze sukari kwenye karoti, mwaka huu zilizidi, hata sisi za kwetu zilizidi.

"Za kwetu." Yaani na yeye siku ya pili ya sikukuu alikaribisha watu kwake, kwa trei za duka lile lile, na bibi alikula kule akamsifu kwa kupika!! Mi nilikuwepo. Bibi alisema karoti zako tamu mwanangu.

Sasa nimebaki na siri mbili, kila mmoja ananiamini. Nimwambie bibi au ninyamaze?

#43 BodaBrooklyn
Nyamaza. Wewe ndo sili ya pili.

#44 Mlokole_Kimara
Kweli itawaweka huru. Lakini kwa jambo la karoti, nyamaza tu.

#45 Kuku_Mgeni
Na mjukuu je, alikula bageli?

#46 MamaTatu_Boksi
Kaja na bageli zake mbili, plastiki juu ya plastiki. Ila nilimwona ananusa salmoni ya bibi kwa muda mrefu.

#47 DadaHyattsville
MamaTatu nisikilize mpenzi, Desemba mama mkwe anakuja toka Moshi, anakaa wiki tatu. Nataka sambusa mia moja na pilau lile lile. Na safari hii usiniletee kwenye trei zenye stika ya jina lako na namba ya simu, mwaka juzi nilizibandua mpaka kucha zikavunjika.

#48 MamaTatu_Boksi
Niletee masufuria yako mapema nipakulie humo humo. Kitunguu niongeze kidogo?